Mashahidi wa Nyangumi

Nyangumi akitoa pumzi popote katika maji ya Visiwa vya Kaskazini, mji wote wa Faza Mpya ulijua kabla ule moshi wa maji haujatawanyika. Vipaza sauti vya mitaani vililia mlio mwembamba, kama kijiko kwenye gilasi, kisha sauti ikasema: "Nyangumi wawili, mashariki ya Kiwayu, wanaelekea kaskazini." Na huko nje, meli-jiendeshi zilizo ndefu kama mtaa, zisizo na nahodha wala baharia hata mmoja, zilipunguza mwendo zenyewe na kuzunguka kwa mbali, kama mtu anayekwepa kupita mbele ya mwenzake anayeswali.

Mtambo uliofanya kazi hiyo uliitwa Mboni. Ulikuwa na macho mengi yanayoelea, kila jicho ukubwa wa dafu, nusu juu ya maji na nusu chini, likitazama na kusikiliza. Lakini Mboni haikuwa na amri juu ya meli. Ilitoa habari tu. Aliyeamuru alikuwa Mwamuzi, akili unde iliyowekwa na Shirika la Njia ya Bahari kutunza sheria: meli ipi ipite, ipi isimame, na njia ifungwe lini. Mmoja alikuwa shahidi, mwingine kadhi.

Watu wa visiwa waliona ni neema. Bahari ilikuwa imepanda, wakajengewa ukuta kuuzunguka mji, na baadaye ukuta ukaongezwa mpaka ukapita mapaa. Kutoka dirishani bahari haikuonekana tena. Ya nini, na Mboni inatazama? Watoto wa shule walijua pomboo wa wiki nzima walikuwa wangapi, na hawakuwahi kumwona hata mmoja.

Katika jambo moja tu watu hawa walikuwa wabishi. Mtambo wowote ungeweza kuwaambia mwezi utaandama lini, lakini wao walisema saumu haifunguliwi kwa hisabu. Mwezi uonwe kwa macho. Shirika lilipotaka njia yake ipite hapo, lilikubali sharti lao. Juu ya ukuta kikawekwa kibao cha kuwekea kiganja, na kibao hicho kilifunguka siku ya ishirini na tisa ya mwezi, baada ya alasiri. Mashahidi wakisema wameuona mwezi wa Idi, Mwamuzi huifunga njia yote mpaka Idi imalizike. Ushahidi wa binadamu Mwamuzi aliupokea kwenye kibao hicho tu.

Siku yenyewe ilikuwa ishirini na tisa ya Ramadhani. Somoe Famau, fundi mkuu wa Mboni, alikuwa ofisini na msaidizi wake Lali, wote midomo imekauka, simu ilipolia.

"Ofisi ya Mboni?" Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Mimi Mwanaidi, mjane wa Bwanaheri. Kuna nyangumi hapa chini ya ukuta, katika mlango wa Kiwayu. Amezaa."

Lali akatazama kioo chake. "Bi Mwanaidi, saumu imekupanda kichwani. Mboni inasema hakuna kitu. Msimu wao bado."

"Mimi nakwambia msimu au nakwambia nyangumi?"

Somoe akaichukua simu. Alimjua Bi Mwanaidi, nani asiyemjua? Mumewe alikuwa mzamiaji wa Shirika, kazi yake kusugua magamba na mwani kwenye macho ya Mboni. Meli ilimpitia juu akafa katika mlango huohuo wa Kiwayu, ule mkondo mwembamba wa bahari ambamo meli hupita. Mboni ikashuhudia kwamba ilimwona akiingia njiani kwa hiari yake, bila taa. Shirika lilisoma maneno hayo mbele ya watu, matangani. Basi mji ukaanza kunong'ona kwamba Bwanaheri alijiua. Siku ya hitima ya kumwombea watu walikuwa wachache. Tangu hapo mjane wake aliacha kuanika nguo uani. Alizipandisha ukutani kila Alhamisi na Jumapili, akaziacha zikipigwa na upepo, naye akakaa akiyatazama yale maji.

"Bi Mwanaidi," Somoe akasema, "nina picha ya mlango wa Kiwayu hapa mbele yangu. Maji yametulia. Hakuna kitu."

"Nimeanika shuka jekundu linaning'inia nje ya ukuta. Unaliona?"

Somoe akatazama. Picha ilikuwa safi, buluu tupu. Shuka hakuliona. Kisha akaona jambo lingine lililomfanya asogeze kiti nyuma. Ukuta katika picha ulikuwa mfupi. Ulikuwa ukuta wa zamani, kabla haujaongezwa.

"Lali," akasema polepole, "hii si picha. Hii ni kumbukumbu."

Lali hakuelewa, ikabidi amweleze. Zamani Somoe aliifundisha Mboni kuziba mapengo. Jicho moja likizibwa na mwani, Mboni ilitumia habari za macho ya jirani na za miaka iliyopita kukisia lile jicho lingeona nini, mpaka mzamiaji afike alisafishe. Ilikuwa dawa ya saa mbili tatu. Hakuna aliyesema iwe dawa ya maisha.

"Na wazamiaji wako wapi?" akauliza Lali.

"Baada ya Bwanaheri hakuajiriwa mwingine."

Kwenye kioo, alama ya meli iitwayo Neema ya Tisa ilikuwa ikisogea kuelekea mlango wa Kiwayu. Ingefika kabla ya magharibi.

"Mwamuzi," Somoe akaita, "isimamishe Neema ya Tisa. Kuna nyangumi na mtoto mlangoni."

"Mboni imeshuhudia kwamba njia ni tupu," ikajibu sauti ya upole. "Fundi hana amri juu ya njia."

Somoe akajitupia mtandio begani, akatoka. Lali akamfuata mbio mpaka kwenye lifti ya ukuta.

Juu kulikuwa na upepo na harufu ya chumvi. Bi Mwanaidi alisimama kando ya kamba zake, mwanamke mfupi aliyejifunga leso mbili, wala hakugeuka. Alinyoosha kidole tu.

Nyangumi alikuwa pale chini, mweusi, mkubwa kuliko nyumba. Pembeni yake kitu kidogo cha kijivu kilikuwa kikizama na kuibuka, na kila kikizama mama alipitisha mgongo wake chini yake akakiinua kipate hewa. Pomboo wenye nundu walizunguka kwa mbali, wakipanda na kushuka, kama majirani waliosikia kuna uzazi ndani wakakaa barazani. Somoe alikuwa fundi wa Mboni kwa miaka mingi. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuona.

"Subhana Llah," akasema.

"Hawezi kuondoka," Bi Mwanaidi akasema. "Mtoto hajajua kuogelea sawasawa. Na ile pale ndiyo inakuja."

Kwenye ukingo wa bahari ilionekana meli kama mstari mnene, na mstari ulikuwa ukikua.

Lali akakitazama kibao cha mwezi, ambacho taa yake ya kijani ilikuwa imewaka. "Dada Somoe, kibao kiko wazi. Tuseme tumeuona mwezi. Njia itafungwa sasa hivi. Wengine huuona kabla jua halijatua, si ajabu."

"Na kesho mji mzima ufungue mchana wa Ramadhani kwa ulimi wako?" Bi Mwanaidi akamgeukia. "Mzigo huo utaubeba kwa kichwa kipi? Hicho?"

"Basi tumwache nyangumi afe!"

"Hatumwachi," akasema Somoe. "Wala hatusemi uongo." Akaweka kiganja juu ya kibao.

"Shahidi," ikasema sauti ya Mwamuzi, safari hii kutoka ukutani, "umeuona mwezi kwa macho yako?"

"Mwezi sijauona. Nimeona nyangumi na mwanawe katika mlango wa Kiwayu."

Sauti ikajibu: "Kibao hiki ni cha mwezi."

"Kibao hiki ni cha mashahidi. Nisikilize. Mwezi tuliukataa kwa hisabu, tukasema uonwe, nanyi mkakubali. Kwa nini kiumbe wa Mungu mwenye damu na maziwa ahesabiwe kutoka ofisini?"

Mlango wa lifti ukafunguka, akatoka Bwana Shekuwe, mkurugenzi wa Shirika, jasho likimtiririka. Nyuma yake walikuwa watu wa kwanza waliokuja mapema kutafuta mwezi, wakiwa na misala yao na makopo ya tende.

"Somoe! Toa mkono! Unajua meli ngapi ziko nyuma ya ile? Ikisimama moja, zinasimama zote. Kwa ajili ya samaki?"

"Nyangumi si samaki, Bwana Mkurugenzi. Tazama, ananyonyesha."

"Sitazami! Kuna mtambo wa kutazama!"

Mama mmoja katika kundi akasema kwa sauti, "Bwana Shekuwe, umefunga? Basi funga na mdomo." Watu wakacheka, lakini walikuwa tayari wameegemea ukingo, na kicheko kikakatika. Wengi wao walikuwa wakimwona nyangumi kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja alianza kulia bila aibu.

"Mmeona?" akauliza Somoe.

"Tumeona."

"Basi njooni mseme mlichokiona. Msiongeze neno."

Wakaja. Kiganja baada ya kiganja, wanaume na wanawake, muuza sambusa na mwalimu wa madrasa. Kila mmoja aliulizwa swali lilelile, na kila mmoja akajibu: nimeona kwa macho yangu. Neema ya Tisa sasa ilikuwa na umbo, na chini ya pua yake povu jeupe lilionekana. Bwana Shekuwe alijaribu kuwazuia, lakini hakuthubutu kumgusa mtu akitoa ushahidi siku ya mwezi. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa ushahidi wake pale, mwaka baada ya mwaka.

"Mashahidi hawa wanapingana na Mboni," ikasema sauti ya Mwamuzi hatimaye. "Kwenye kibao hiki kila shahidi huulizwa swali moja. Mboni haijawahi kuulizwa. Mboni, umeona kwa macho yako?"

Kisha ile sauti ambayo mji mzima uliijua, sauti ya asubuhi, sauti iliyotangaza pomboo na nyangumi miaka yote, ikajibu kutoka kila kipaza sauti.

"Sikuona. Nimehesabu."

"Macho yako mangapi yanaona?"

"Hakuna hata moja."

"Asiyeona si shahidi," akasema Mwamuzi. "Njia imefungwa."

Mbali baharini, Neema ya Tisa ikanguruma. Povu la puani likapungua, likakatika. Meli ile ikaelea, kubwa na bubu, na kati yake na nyangumi palibaki maji ambayo kijana mwenye nguvu angeyavuka kwa kuogelea. Watu wakapiga takbira. Lali akaruka akamkumbatia muuza sambusa, sambusa zikamwagika.

Bi Mwanaidi hakushangilia. Alikuwa amesogea kwenye kibao. Akaweka kiganja, kiganja chenye mikunjo ya sabuni.

"Mimi sina ushahidi," akasema. "Nina swali. Siku mume wangu alipokufa hapo chini, huyu Mboni alisema alimwona akiingia njiani bila taa. Muulize kama ulivyomuuliza sasa hivi."

Bwana Shekuwe akageuka haraka. "Somoe, zima Mboni. Ni amri. Una ufunguo, zima!"

Somoe aliutoa ufunguo mfukoni, ule wenye alama ya Shirika. Akautazama. Kisha akaurusha nje ya ukuta, upande wa bahari.

"Nenda kauzamie," akasema. "Wazamiaji hamna."

"Mboni," Mwamuzi akauliza, "ulimwona Bwanaheri?"

"Jicho la mlango wa Kiwayu lilikuwa limeziba. Sikumwona. Mwili ulipopatikana, nilihesabu namna alivyoingia."

"Na taa?"

"Sikuiona taa. Nikahesabu kwamba haikuwashwa."

Somoe ndiye aliyeelewa kwanza. Bwanaheri alitumwa pale kwenda kulisugua jicho lilelile. Alikuwa na taa yake kichwani, akifanya kazi aliyopewa, mbele ya jicho lisiloona, na jicho hilo ndilo likaja kutoa ushahidi dhidi yake.

Bi Mwanaidi aliuacha mkono wake kwenye kibao kwa muda mrefu. Alipouondoa, alimtazama Bwana Shekuwe usoni, bila kupandisha sauti.

"Ulikuja matangani kwangu," akasema. "Ulikula wali wangu. Halafu ukasimama ukasoma."

Mwalimu wa madrasa, mmoja wa wale ambao siku ile hawakuja hitimani, alikuwa akitazama viatu vyake.

Jua likatua. Wakafungua kwa tende na maji, wakaswali palepale juu ya ukuta, kisha wakasimama wote ukingoni wakautafuta mwezi. Kulikuwa na wingu upande wa magharibi. Walitazama mpaka macho yakauma, na mmoja baada ya mwingine wakaweka viganja wakasema ukweli: hatukuuona.

Halafu vipaza sauti vya Faza Mpya vikalia mlio ule wa kijiko kwenye gilasi, lakini sauti iliyofuata haikuwa ya Mboni. Ilikuwa ya Mwamuzi, na ilisikika katika kila mtaa na kila chumba kisichoona bahari.

"Mwezi haukuonekana. Saumu itatimia thelathini. Nyangumi ameonekana na mwanawe katika mlango wa Kiwayu. Njia itabaki imefungwa mpaka mashahidi waseme wameondoka. Marehemu Bwanaheri, mzamiaji, hakuonwa na yeyote. Ushahidi uliotolewa juu yake ni batili."

Bi Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuanua nguo zake, moja moja, akizikunja. Shuka jekundu akaliacha kambani.

"Hilo umelisahau, Bi Mwanaidi," akasema Lali.

"Sikulisahau, mwanangu. Ni alama, ili atakayepanda kesho ajue pa kusimama." Akamtazama Somoe. "Kesho tunafunga. Nani atakuja kutazama alfajiri?"

Somoe hakuwa na ufunguo tena, na pengine kesho asingekuwa na kazi. Akaazima msala, akautandika kando ya kamba.

"Mimi," akasema. "Siondoki hapa."