Usimlilie Glory

Msimu wa korosho ukishachanganya, Jumamosi soko la Masasi halina pa kuweka mguu. Julia aliiona ajali kabla haijatokea, lakini hakuiwahi. Kaka mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia, simu sikioni, ming'oko ya moto, vile viazi pori vya kusini, mkononi, kavaa suruali nyeupe na shati la buluu lililonyooshwa pasi likanyooka. Glory, binti wa Julia, alikuwa anakuja kwa kasi yake yote. Gurudumu la kigari chake cha kutembelea likampanda kaka yule juu ya kiatu.

"Mama yangu!" Kaka akaruka kwa mguu mmoja, ming'oko ikamwagika.

Mbele yake alisimama binti wa miaka sita, gauni la njano, nywele za mistari yenye shanga, mikono imeshika vyuma vya kigari chekundu kilichomzunguka kwa nyuma. Alimpandisha na kumshusha kwa macho. Mdomo wake ukalitafuta neno, ukalikosa, ukalitafuta tena.

"Pi... sha."

"Samahani sana, kaka," Julia alifika akihema, kitenge kikimlegea kiunoni. "Hicho kigari ni kigeni kwetu, na huyu hataki kusikia habari ya breki."

"Kosa ni langu, dada. Nimesimama njiani kama nguzo ya umeme." Akamwinamia Glory. "Nimepisha, mkubwa. Pita."

Ile sauti! Julia alikuwa na saluni ndogo karibu na stendi, yeye na mwenzake Getrude, na redio yao haikuzimwa tangu asubuhi hadi kufunga.

"Wewe si Gerson wa kipindi cha saa kumi?"

"Ndiye mimi. Ulidhani nikoje?"

"Nilidhani mzee mwenye kitambi."

Gerson akacheka mpaka wauza nyanya wakageuka. Kabla hawajaagana alikuwa amekwisha kuuliza saluni iko upande gani.

Jumatatu alitokea. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kipara, kisingeweza kusukwa chochote, na Getrude akamwambia hivyo hivyo mbele ya wateja. Gerson hakuona haya. Akavuta stuli, akakaa karibu na Glory, ambaye alikuwa amefungwa mikanda kwenye kiti chake cha mbao chenye meza, akipanga vibanio vya nywele kwa rangi.

"Mama Glory, naomba kuuliza. Mbona kigari kinakaa nyuma yake? Vya wazee husukumwa mbele."

"Kikikaa mbele atakilalia, mgongo upinde. Kikiwa nyuma kinamtaka asimame wima."

"Na hiki kiti?"

"Hicho kilitangulia. Bila kiti alikuwa anaangukia upande, chakula kinampalia. Alipokaa sawa, mikono ikapata kazi. Ndipo ikaja fremu ya kusimamia, kisha hivi vya plastiki vya kushika vifundo, maana alikuwa anakanyagia vidole tu. Kigari ndiyo mwisho. Kote huko tumepita na Isabela, mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo. Vipimo vimechukuliwa hospitali ya Ndanda, mguu huu na mguu huu."

"Kwa hiyo kigari kitamponya?"

Julia akaacha kusuka.

"Hakimponyi. Mtindio wa ubongo haung'olewi kama jino. Kigari kinamfikisha anakotaka kwenda. Zamani alikuwa anakwenda ninakotaka mimi, kwa sababu mgongo ulikuwa wangu."

Wanaume waliomjia Julia tangu baba wa Glory alipokwenda Dar na kusahau njia ya kurudi walikuwa wakisikia neno mtindio wanaaga. Huyu aliokota kibanio kilichoanguka, akamuuliza Glory kinakaa wapi. Kwa buluu au kwa kijani?

Basi zikaanza simu. Kipindi kikiisha tu, simu ya Julia inaita, mikono yake ikiwa na mafuta mpaka kwenye kiwiko.

"Malkia wa Newala, umekula?" Newala ndiko kwao Julia.

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Basi utalala na njaa, mtangazaji, maana nakata."

"Usikate! Nimpe nani salamu?"

"Mpe Getrude, yeye ndiye anakusikiliza. Mimi nasuka."

Lakini hakuwa anakata. Jumapili walitoka kanisani pamoja, Julia na gauni la zambarau alilolishona kwa ajili ya siku za mbele asizozijua, Gerson akienda taratibu kwa mwendo wa Glory, bila kutazama saa. Watu waliangalia. Julia akaona shingo yake mwenyewe imenyooka.

Siku moja Gerson akamwomba amrekodi. "Nataka wasikilizaji wajue kuna vifaa hivi. Watoto wengi wamefichwa ndani huko." Julia akakubali. Alisema yote: uchungu uliochukua muda mrefu mno, mtoto aliyechelewa kulia, majirani waliosema amelogwa, miaka ya kumbeba. Akasema pia siku Glory aliposimama kwenye fremu, akaona dirishani na kupiga kelele kwa furaha kwa kuwa hakuwahi kujua kuna kuku wa jirani upande ule. Kwa hilo la kuku alicheka hadi machozi.

Ijumaa saluni ilijaa, kesho yake kulikuwa na harusi. Saa kumi Getrude akaongeza sauti. Wote wakakaa tayari.

Muziki wa huzuni ukapigwa. Kisha sauti ya Gerson, nzito, polepole: "Leo nawaletea kisa cha mtoto asiyejiweza, malaika anayeteseka, na mama aliyebebeshwa msalaba..." Ikafuata sauti ya Julia. Majirani. Kulogwa. Kubeba. Muziki ukapanda. Kiti hakikutajwa. Kigari kikatajwa mara moja, juu juu, na neno Ndanda nyuma yake. Kuku hawakuwapo. Kicheko chake kilikuwa kimekatwa katikati, na kilichobaki kikasikika kama kilio.

Kipindi kikaisha. Mteja mmoja akafuta macho kwa khanga, akamgeukia Glory. "Maskini, mwanangu. Mungu anakuona." Glory alikuwa wima ndani ya kigari chake, ameshika taulo la kumpelekea Getrude. Akamtazama yule mama, kisha akamtazama Julia, na kwa mara ya kwanza tangu apate miguu ile ya chuma, akaketi chini sakafuni.

Simu ikaita kama kawaida.

"Malkia! Umesikia? Wasikilizaji wamelia! Simu haziishi!"

"Nani alikutuma machozi, Gerson?"

"Julia?"

"Mimi nilikupa habari ya mtoto anayetembea. Wewe umetangaza msiba."

"Mpenzi, nilitaka waguswe..."

"Mwanangu amekaa chini. Unasikia? Alikuwa amesimama, amesikia redio yako, akakaa chini." Sauti ikamkatika, lakini hakulia. "Usinipigie tena."

Akamfungia namba. Gerson alikuja saluni mara ya kwanza, Getrude akamwambia Mama Glory ametoka. Alikuja tena, akaambiwa vile vile, na nyuma ya pazia Julia alikuwa amesimama, meno yameuma mdomo. Saa kumi ikifika redio ilizimwa. Ukimya ule ulimkereketa kuliko kelele. Alimkumbuka kwa vitu vidogo: stuli ile, namna anavyotamka jina la Glory kama anatangaza mgeni rasmi. Hata hivyo kila alipomkumbuka, alimwona binti yake sakafuni.

Glory alichukua muda kusimama tena. Alisimama siku jirani alipopita na kondoo, akataka kuwafuata.

Mvua za kwanza zilipokaribia, aliyepiga simu alikuwa Isabela.

"Mama Glory, wiki ijayo nina kliniki Newala, ukumbi wa kanisa. Njoo na Glory. Nimezidiwa."

"Umezidiwa na nini, dada?"

"Kina mama. Wanatoka Kitangari, wanatoka Chidya, wengine na watoto wa miaka tisa ambao hawajawahi kutoka nje ya ua. Nawauliza nani kawaambia. Wanasema redio. Ule ule mkanda wako."

Julia akaweka kitana chini.

"Najua ulikukera," Isabela akaendelea. "Hata mimi nilikasirika, na nikampigia huyo bwana nikampa vidonge vyake. Lakini wamekuja."

Siku ya kliniki Julia alivaa lile gauni la zambarau. Glory alivaa jekundu, la kufanana na kigari. Ukumbi ulikuwa umejaa mikeka, na juu ya mikeka watoto, na pembeni yao mama wenye nyuso za watu waliozoea kuomba radhi kwa kuwepo tu. Mmoja, aliyejitambulisha kwa jina la Pili, kutoka Kitangari, alimkamata mkono.

"Wewe ndiye wa redioni? Nimeijua sauti. Nilisikia nikiwa foleni ya maji, nikaacha ndoo." Akashusha sauti. "Dada, redio haikusema mwisho wake. Yule mtoto alikufa?"

Julia aligeuka. "Glory! Njoo umsalimie mama."

Toka upande wa pili wa ukumbi likaja gauni jekundu, kisigino kikigusa chini, kidole kikifuata, magurudumu yakilia kwenye saruji. Mazungumzo yakakatika mkeka kwa mkeka. Glory akafika, akavuta pumzi.

"Shi... ka... moo."

"Marahaba," Pili alijibu, akajishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Marahaba, mama. Marahaba!"

Hapo ndipo Julia alipomwona Gerson mlangoni, shati limejaa vumbi, kinasa sauti mkononi. Isabela alikuwa amemwita na yeye.

Alikuja mpaka mbele ya Julia na hakujaribu maneno yake matamu.

"Nilifikiri huruma ndiyo itawaleta watu," alisema. "Nikaikata furaha yako nikaitupa. Nimeisikiliza tena peke yangu, yote, na kuku wake. Nimeona haya, Julia."

"Waliokuja wamekuja," Julia alijibu. "Hilo ni lako, sikunyang'anyi. Lakini huyu mama alidhani mwanangu amekufa."

"Tuko hewani baada ya dakika chache, moja kwa moja. Hakuna wa kukata. Useme wewe. Au Glory, akitaka."

Glory alitaka. Gerson akapiga goti, akasema mjini na vijijini wanasikiliza, akamuuliza: kigari hiki unakwendea wapi?

Mdomo wa Glory ukaanza kutafuta. Ukakosa. Fundi wa mitambo aliyekuja naye akamwonyesha Gerson saa yake. Gerson akatikisa kichwa, asitoe neno, asimsaidie. Masasi nzima ikasubiri, Newala ikasubiri, kwenye maduka na kwenye foleni za maji, mpaka mtoto alipomaliza kazi yake.

"Shu... le."

Ukumbi ulilipuka vigelegele. Julia akachukua kinasa sauti na kusema Glory ataanza darasa la awali Januari. Akaeleza kiti, fremu na kigari, kila kimoja na kazi yake, na kwamba mtoto apimwe, asifungwe kifaa cha mwenzake. "Ukiwa na mtoto kama wangu, usimlilie," alimaliza. "Mlete."

Walipotoka hewani, Gerson alimfuata kibarazani.

"Julia, wewe ni ua la..."

"Achana na ua. Sema kama mtu wa kawaida."

Gerson akameza mate. Mtangazaji wa miaka saba kazini, kijasho kikamtoka. "Nataka nikuoe. Nataka nikae na nyinyi wawili. Basi."

"Basi?"

"Sina lingine."

Julia alimtazama, vumbi lake na kipara chake, na moyo ukatulia mahali pake. Lakini kabla hajajibu, Pili aliita kutoka ndani: Isabela alikuwa anamfunga mwanawe kwenye fremu ya kusimamia na mikono haitoshi. Julia akaingia mbio, akapiga magoti, akashika magoti ya yule mvulana yasipinde huku mikanda ikikazwa. Polepole mtoto akanyanyuka. Uso wake ukafika usawa wa kifua cha mama yake, naye Pili akawa anamwangalia kama mgeni aliyesubiriwa muda mrefu.

"Na yule kaka aliyesimama mlangoni," Pili aliuliza, macho hayabanduki kwa mwanawe, "ndiye Baba Glory?"

Gerson alisikia. Kina mama wote walisikia.

"Nyumbani kwa mama yangu ni hapo nyuma ya kanisa," Julia alisema kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima, bado amepiga magoti. "Aende kwanza akajitambulishe. Akitoka huko, ndiye."

Gerson hakungoja kuambiwa mara mbili. Glory akageuza kigari chake, akamtangulia kumwonyesha njia.