Pazia la Mama Kikombe

"Nirudishie simu yangu!"

"Sirudishi. Kwanza niambie umeandika nini humu."

"Yanakuhusu nini? Rudi kwenye pikipiki zako."

"Dada, umetaja mtaa. Umetaja geti jeusi. Umetaja mpaka dirisha la chumbani! Umerogwa?"

"Sijarogwa. Namtafuta rafiki yangu."

Rafiki yake! Nilichoka. Huyo rafiki hajawahi kumwona hata kwa mbali.

Dada yangu ni fundi cherehani. Anashonea kwenye chumba cha mbele. Mimi natengeneza pikipiki hapo nje, mlangoni. Kila asubuhi anaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, anamwangalia mwanamke anayeitwa Mama Kikombe. Huyo mama anakaa mezani kwake, anakunywa chai, anapiga soga mbele ya simu. "Karibuni mezani, ndugu zangu," anasema. Dada anamjibu, "Asante, shoga." Anajibu kweli, kwa sauti, uzi uko mdomoni. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Wanaompenda wana grupu lao. Wako elfu kadhaa. Wanajiita Wa Mezani.

Sasa Mama Kikombe alikaa siku tano bila kuonekana. Grupu likawaka moto. Kafa? Kafungiwa ndani na mume? Mmoja akarusha video ya zamani, wote waichunguze. Dada akaikuza picha. Akaruka kutoka kwenye kiti.

"Hilo pazia nimelishona mimi!"

Ni kweli. Kitambaa kilikuwa kifupi, akaunga kipande cha kijani kwa chini. Alikwenda kulitundika mwenyewe, akapokelewa na msichana wa kazi. Kwa hiyo nyumba anaijua. Akaandika kila kitu kwenye grupu, akamalizia: "Nendeni mkamjulie hali."

Hiyo ilikuwa asubuhi. Mimi nimeiona saa nane mchana, nilipoazima simu yake. Tulikuwa bado tunavutana ilipoanza kulia. Meseji, meseji, meseji. Halafu picha.

Ya kwanza, watu kama thelathini getini. Ya pili, kijana yuko juu ya ukuta. Ya tatu ilipigwa dirishani, pembeni ya pazia. Ndani kuna mzee amelala kwenye godoro, mifupa mitupu, hana nguo. Mama Kikombe amepiga magoti na beseni, anamwogesha. Amegeuza uso dirishani. Mdomo wazi. Kumbe siku zote hizo alikuwa anauguza.

Chini ya picha watu wameweka mioyo. "Pole kipenzi." "Baba yetu atapona."

Baba yetu? Baba yao tangu lini?

Dada alininyang'anya simu, akaangalia, akakaa sakafuni.

"Mimi nilisema wamjulie hali," akasema. "Sikusema hivi."

Jirani yetu alisikia kelele, akaja. Ni mama mtu mzima, anatangaza redioni, mtaani tunamwita Sauti. Nikaichukua simu kwa dada, nikamnyooshea.

"Ifunike hiyo," akasema. "Usimwonyeshe mtu, hata mimi."

"Lakini ananijua, mama," dada akasema. "Aliwahi kusoma jina langu. Akasema ananipenda."

"Hata mimi kila siku nawaambia wasikilizaji nawapenda. Chumba kitupu, mimi na maikrofoni na feni. Mwaka juzi nilisema hewani, karibuni nyumbani. Jioni nikakuta mwanaume mlangoni kwangu na begi la nguo. Eti nimemwita."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nilihama nyumba," akasema. "Sikiliza, mwanangu. Wewe unamjua, yeye hakujui. Kumpenda si kosa. Lakini amekukaribisha mezani tu. Chumbani hajakukaribisha."

"Na kama kweli angekuwa amekufa?"

"Mwandikie meseji moja, usubiri. Mtu ana haki ya kunyamaza. Ukiona dalili ya hatari kweli, waambie polisi. Si grupu zima."

Dada akafuta alichoandika. Sauti akamwonyesha pa kubonyeza ili kuripoti ile picha. Kisha dada akampigia kiongozi wa grupu, akamfokea mpaka picha zote zikaondolewa.

"Na walioko getini?" nikauliza.

Dada akavaa viatu. Nikawasha pikipiki.

Tulipofika, dada alisimama mbele ya geti. Hakubembeleza mtu.

"Mimi ndiye niliyewaleta hapa. Nimekosea. Nendeni kwenu."

"Tunampenda!" mmoja akapiga kelele.

"Hamumjui! Hata mimi simjui!"

Walinung'unika, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kijana wa ukutani nilimshusha mwenyewe. Alifuta picha zake mbele ya macho yangu.

Geti likafunguka kidogo. Mama Kikombe. Ni mfupi kuliko anavyoonekana kwenye simu. Alitutazama kama mtu anavyotazama wezi.

"Na nyie mnataka nini?"

Miaka miwili dada alikuwa anapiga naye soga kila asubuhi.

"Hatutaki kitu, mama. Mimi ndiye niliyeitaja nyumba yako. Nimefuta, na watu wameondoka. Nisamehe."

Yule mama akamkazia macho.

"Kwani tunajuana?"

"Hapana," dada akasema. "Hatujuani."

Akageuka, akaondoka kwa miguu. Hata pikipiki hakuikumbuka.