Kanda Mama ya Kinanda

Mwizi alivunja dirisha la pembeni la kanisa, akapanda hadi roshani yenye kinanda cha mabomba, akachukua kanda na kuiacha mashine ya kurekodia. Kanda yenyewe ndiyo mama, ile ya kwanza ambayo santuri zote hutolewa kwayo. Nakala haikuwa imetolewa hata moja, na mchana huo gari la kiwanda cha santuri lingekuja kuichukua.

"Nani aibe kanda aache mashine?" Inspekta aliuliza, akizunguka roshani kama mtu aliyekanyaga siafu. Konstebo wake alikwisha kuzoea. Bosi huyu hakujua kukaa.

"Sijui, afande," alisema fundi sauti, jasho likimtoka. "Muziki wenyewe hata hauchezeki. Ni wa mtunzi wa karne hii hii, amekwisha kufa, na kabla ya kanda hii haukuwa umerekodiwa hata mara moja. Mzee mpiga kinanda alikuwa mwanafunzi wake. Amengoja siku hii tangu ujana."

"Si mrekodi tena?"

"Kinanda kinafunguliwa vipande vipande kesho. Mabomba yote yanakwenda kutengenezwa, na yatakaporudi sijui kama mzee tutakuwa naye. Hii ndiyo nafasi yake, hana nyingine."

Inspekta alifuata alama za matope. Zilitoka dirishani, zikapanda ngazi, zikafika kwenye benchi la mpigaji, zikakoma. Upande wa pili, ilikokuwa mashine, vumbi lilikuwa na alama za soksi. Hapakuwa na njia ya kufika huko ila kupita juu ya vikanyagio, zile mbao ndefu ambazo mpigaji huzipiga kwa miguu.

"Wewe hupita vipi hapa?"

"Hivi hivi, na viatu vyangu. Mzee hunitukana kila siku. Yeye na bintiye hawakanyagi hapo na viatu vya nje hata nyumba ikiwaka moto."

"Binti?"

"Ndiye humvutia vishikio vya kubadilisha sauti anapopiga."

Inspekta alimgeukia konstebo. "Mwizi gani huyu mwenye adabu? Anavunja dirisha, halafu anavua viatu!"

"Labda ni mzee mwenyewe, afande."

"Mzee wa mkongojo apite dirishani kama paka? Twende kwa binti."

Walimkuta jikoni, akiosha vyombo vilivyokwisha kutakata. Baba yake, alisema, alikuwa ametoka kuisaka kanda kwa wauza redio, na tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni.

"Viatu vyako vya matope viko wapi?"

"Viatu gani?"

"Dada, usinichoshe. Vile ulivyovua kwenye benchi."

Sahani ilimponyoka. Akakaa kwenye kigoda, mikono ikichuruzika maji.

"Mama yangu! Nilivipaka matope makusudi, ili mseme ni kibaka. Kisha nikavivua bila kufikiri. Nimekua naambiwa, ukikanyaga pale na viatu utakiona cha mtema kuni."

"Kanda?"

Aliitoa ndani ya debe la unga, akaifuta kwa kanga yake.

"Umemwibia baba yako ndoto yake," Inspekta alisema kwa hasira. Jambo hilo lilimuuma yeye mwenyewe.

"Sikiliza kwanza, afande."

Binti akaiweka kwenye mashine ya baba yake sebuleni. Kinanda kilinguruma, sauti zikagongana, na Inspekta akakunja uso kwa kuwa hakujua mkia wala kichwa. Karibu na mwisho kikaanza kifilimbi chembamba, kikali, kama birika linalochemka. Hakikukoma.

"Mbona hicho kinalia tu?"

"Bomba limekwama. Lililia hivyo mpaka mwisho."

"Fundi hakusikia?"

"Alisikia. Akadhani muziki wa kisasa ndivyo ulivyo, akaona aibu kuuliza."

"Na mzee?"

"Nilimtazama usoni nikingoja aache kupiga. Akaendelea. Sauti nyembamba hazisikii tena, afande, na mwenyewe hajui. Santuri ikitoka, wapiga kinanda wenzake watajua siku hiyo hiyo, na watamcheka. Nikaona heri alie kwa kuibiwa."

Mlango ulifunguliwa. Mzee aliingia na mkongojo wake, akaganda. Kisha machozi yakamtoka.

"Imepatikana!" Akainua kidole ili wanyamaze, akasikiliza. Kifilimbi kilimkereketa Inspekta mpaka kwenye meno. Muziki ulipoisha mzee alisema, "Mmesikia ilivyo safi? Hakuna noti hata moja ya kufuta."

Inspekta alimwangalia binti. Hapakuwa na wa kumsaidia.

"Baba," alisema kwa sauti kubwa, "kuna bomba linalia."

"Lipi?"

"La juu kabisa."

Mzee aliirudisha kanda nyuma, akabandika sikio kwenye spika.

"Sasa?"

"Sasa, Baba."

"Bado?"

"Bado."

Aliizima mashine mwenyewe. Akaweka mkono juu ya kanda.

"Ulikuwa unalisikia, ukaniacha nipige mpaka mwisho?"

"Ulikuwa unatabasamu, Baba."