Taa ya Ndani Haizimi

Mara ya nne napeleka gari langu aina ya Noah kwa Oswald, fundi umeme wa magari pale Mwanga, nilikwenda kugombana. Jua linazama ziwani, yeye anakusanya spana zake. Nikamwambia azirudishe chini, leo halali mtu mpaka gari langu lipone.

Ugonjwa wenyewe wa kipuuzi. Taa ya ndani haizimi. Funga milango, chomoa funguo, inawaka tu mpaka asubuhi, na asubuhi betri imekufa. Oswald alishabadilisha swichi za milango, fyuzi, waya, hata betri yenyewe. Kazi bure! Na mke wangu Yusta ana mimba ya miezi tisa. Daktari kasema uchungu ukianza tu afikishwe hospitali apasuliwe. Sisi tunakaa Mwandiga, mbali na hospitali. Gari lisipowaka siku hiyo, nazika watu wawili.

Oswald aliweka spana chini. Alipanda, akafungua kifuniko cha taa, akachomoa balbu. Akanionyesha kiganjani.

Taa ikaendelea kuwaka.

"Ulibeba maiti?" akanong'ona.

Nilibeba. Wiki tatu nyuma, bibi Marcelina, muuza mawese, alifia Kagunga kwa dada yake. Boti ikamleta Kibirizi, mimi nikampeleka kwake Ujiji, amefunikwa kitenge chake cha kijani. Mwanawe Feliksi alikaa naye nyuma. Sasa, kwetu maiti husemeshwa njiani na mtu wa damu yake: mama, tunavuka daraja, mama, tunapinda, mama, tumefika kwako, shuka. Feliksi njia nzima simu sikioni, anabishana na mtu habari za maturubai. Hakumwambia mama yake hata neno moja. Nami nikanyamaza, nikaona si mama yangu.

"Hajui kama amefika," Oswald akasema. "Mwanawe amwambie ashuke. Mwanawe, si wewe. Na iwe mlangoni kwake."

Nikaenda Ujiji nimefura. Feliksi hata kwenye kiti hakuinuka. Akasema ameokoka, hazungumzi na viti vya gari. Nikamsihi, nikamweleza habari ya Yusta, akaniambia nitafute fundi mwingine. Mshenzi yule! Mama aliyemzaa!

Nikageuza gari. Giza lilikuwa linaingia, na taa inaniwakia utosini bila balbu. Karibu na Mwandiga harufu ikaanza... mawese. Mawese mabichi, kana kwamba dumu limemwagika nyuma.

Halafu mtu akavuta pumzi.

Sikugeuka. Watu wakinisikia wanadhani niliogopa. Wapi! Nilikuwa na hasira. Na Feliksi, na Oswald, na huyo bibi mwenyewe. Mke wangu amemkosea nini? Nilipofika getini kwangu nikaruka chini, nikausukuma mlango wa nyuma mpaka mwisho.

"Shuka, bibi! Umefika! Shuka uniachie gari langu!"



Gari likainuka kidogo, kama linavyoinuka abiria mnene akishuka.

Taa ikazimika.

Nilicheka peke yangu pale uani. Nikawasha gari, nikazima, nikawasha tena. Limepona kabisa! Nikaingia ndani kumpa Yusta habari njema.

Nilimkuta amelala chali kitandani, gauni limepandishwa. Tumbo lake linameremeta. Linanuka mawese.

"Umenitafutia mama wa kunisaidia, hukuniambia?" akaniuliza taratibu. "Ana mikono laini. Amejitanda kitenge cha kijani."

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema ameingia chumba cha mtoto, kile tulichokipaka rangi.

"Nimemuuliza ataondoka lini," Yusta akasema. "Kasema haondoki. Wewe mwenyewe umemwambia amefika."

Hasira hasara, mama yangu alinifundisha, nikalisikia kwa sikio hili likatokea lile. Uchungu ulianza usiku uleule. Gari liliwaka mara moja, mtoto akatoka salama, mke wangu yu hai. Feliksi nilimfuata tena na tena, nikampigia magoti aje amwambie mama yake atoke. Siku hizi akiniona anavuka barabara.

Mtoto ana miezi minne. Jioni hii nimechomoa balbu ya chumba chake, ninayo hapa mkononi. Mle ndani bado kweupe, na mwanangu anamchekea mtu.