Dari ya Chumba cha Babu

Mama mshonaji alikuwa na duka katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Nyuma ya duka kulikuwa na jiko na vyumba vya kulala. Kimoja kilikuwa cha baba mkwe wake. Watoto walimwita Babu.

Babu alikuwa ameugua kiharusi. Mguu ulianza kupata nguvu, lakini sauti haikurudi yote. Sasa alinong'ona tu.

"Zamani Baba akikohoa, mtaa mzima unajua," mume wa mshonaji alipenda kutania. Babu alicheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Nyumba haikuwa na dari. Ukiinua macho, uliona mabati na mbao za paa. Jua likiwaka, vyumba viligeuka tanuri. Mvua ikinyesha, mtu aliyekaa karibu nawe ulimwona akichezesha midomo tu, sauti husikii.

Alasiri moja ilinyesha mvua kubwa. Mshonaji alikuwa dukani akimalizia sare za shule. Mvua ilipopungua, alimpelekea Babu chai. Akamkuta sakafuni, kando ya kitanda.

"Baba! Umeanguka saa ngapi?"

"Mvua ilipoanza," alinong'ona Babu. "Nilikuita, mwanangu. Nimekuita sana."

Hakuwa ameumia, ila alitetemeka kwa baridi. Mshonaji alimwinua, akamfunika, akamshika mkono mpaka ukapata joto. Kisha akaenda jikoni, akalia.

Mumewe, mwoka mikate, aliporudi kutoka kazini alisikia habari hiyo.

"Kesho nafunga turubai juu ya kitanda chake," alisema. "Litapunguza kelele."

"Tumwulize kwanza Mama Ngazi," alijibu mkewe.

Mama Ngazi alikuwa jirani yao, fundi wa dari. Alikuwa mfupi, na ngazi haikumtoka begani. Asubuhi alifika, akamwamkia Babu, akatazama juu.

"Turubai hapana, baba watoto," alisema. "Litakusanya vumbi na panya. Waya wa taa ukileta hitilafu, litashika moto. Na kwanza, leo hii mwekeeni mzee kengele mkononi. Dari itachukua muda."

"Haya, tuweke dari yoyote. Si dari ni dari?"

"Wewe mwoka mikate, mkate ni mkate?"

Mume alicheka. "Umenipata, dada."

Mama Ngazi aliigonga mbao ya paa kwa kidole. "Chumba hiki kinafaa bodi za jipsamu. Ni nyeupe, laini kama chaki. Lakini bodi peke yake haitazuia kelele yote. Juu yake, chini ya mabati, tutatandika sufi nene ya nyuzi za kioo, ya kuzuia sauti na joto. Hiyo ndiyo inayomeza kelele."

"Mimi napenda dari ya mbao," alisema mshonaji.

"Ni nzuri, inapendeza macho. Ila lazima ipakwe dawa ya mchwa, na haizimi sauti kama sufi."

Waliingia jikoni. "Hapa mvuke ni mwingi. Jipsamu ya kawaida ikilowa, inavimba na kubomoka. Weka dari ya plastiki, unaipangusa kwa kitambaa. Lakini moto ukae mbali nayo. Plastiki huyeyuka."

"Na dukani kwangu?"

"Vigae vya kuning'inia, kama vya ofisini. Tunaning'iniza fremu ya chuma kwa waya, vigae tunavipachika tu. Umeme ukisumbua, fundi anainua kigae kimoja, anatengeneza, anarudisha. Hakuna kubomoa."

"Tutaanza na chumba cha Baba," alisema mume. "Vingine pole pole. Leta bodi hata leo!"

Babu aliinua mkono. Mama Ngazi aliinama, akamtegea sikio.

"Pale kwenye msumari," Babu alinong'ona, "panavuja. Nalala nikipatazama kutwa."

Mama Ngazi akapanda ngazi. Kweli, bati lilikuwa na tundu.

"Ahsante, mzee! Jipsamu na maji ni paka na panya. Tungefunika tundu hili, bodi zingeoza. Wewe ndiye msimamizi wangu."

Kwa mara ya kwanza tangu augue, Babu aliketi wima mwenyewe.

Waliziba tundu kwanza. Kisha Mama Ngazi alifunga fremu kwenye mbao za paa. Alivaa barakoa na glavu alipotandika sufi, kwa sababu nyuzi zake huwasha ngozi na kifua. Aliacha matundu ya hewa ukingoni mwa paa, na mlango mdogo wa kupanda kukagua waya. Babu aliketi kwenye kiti, akinyoosha kidole kila alipoona bodi imekaa upande.

Baada ya hapo chumba kikawa na ubaridi hata mchana wa jua kali. Mshonaji alihamishia cherehani yake humo, ashone karibu na mkwewe.

Siku moja mvua ikaja kwa kishindo. Dukani mabati yaliunguruma. Chumbani kwa Babu ilisikika kwa mbali, kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya pili. Mshonaji alikuwa akishona, kichwa chini.

"Mwanangu," alinong'ona Babu.

Mshonaji akageuka mara moja. "Abee, Baba! Unataka kuinuka?"

"Hapana. Hiyo cherehani yako inalia. Itie mafuta."

Mshonaji alicheka mpaka machozi yakamtoka, akainuka kutafuta mafuta.