Jina Alilojibu Komba

Mtoto alinyamaza ghafla mno. Hilo ndilo lililomshtua Priscah kwanza.

Jua lilikuwa likizama nyuma ya msitu wa Kakamega. Priscah alikuwa jikoni akisonga ugali, na mama mkwe wake, Pascalia, akichambua mboga mlangoni. Mtoto, mwenye umri wa siku tisa, alikuwa amelazwa nyumba kubwa, ng'ambo ya ua. Kilio kilikuwa hakiishi.

"Analilia jina," Pascalia alisema. "Ngoja niwaite wazee."

Ndiyo desturi ya huko. Mtoto akilia hivyo, majina ya marehemu wa ukoo hutajwa moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Lakini mtoto huwa mikononi, na anayeita humtazama usoni. Jioni ile, kwa uchovu, waliita kutoka jikoni.

"Makhanu!" Kilio. "Mukhwana!" Kilio. "Shitanda!"

Kimya.

Pascalia alipiga vigelegele huku akifuta machozi, maana Shitanda alikuwa marehemu mumewe.

Priscah alikimbilia ndani. Mtoto alikuwa amelala fofofo, kope kavu, kama ambaye hajalia tangu mchana. Kwenye ubao wa dirisha palikuwa na alama ya kiganja kibichi, kidogo, cha vidole vitano. Ilinuka mkojo na utomvu.

"Ni komba," alisema jirani yao Zilpah kesho yake, alipoleta uji wa wimbi. Alikuwa ameuleta kila siku tangu mtoto azaliwe, bila kuombwa. "Yule mdogo wa msituni, wa macho makubwa. Hujikojolea viganja ndiyo ashike matawi vizuri. Na analianga kama mtoto."

"Basi jana tulimpa nani jina, dada?"

Zilpah alikusanya nepi chafu, akaenda kuzifua.

Tangu siku hiyo mtoto hakutoa sauti. Alikunja uso, akafungua kinywa, lakini kilio kilitoka nje, juu ya mpera wa uani. Ziwa alilishika kidogo tu, kisha akaliacha. Na kila magharibi kilio kile kilisogea: kutoka mperani hadi paani, kutoka paani hadi dirishani.

"Tumeshamwita, sasa ni mtu wa boma," Pascalia alinong'ona. "Mkamulie maziwa kidogo, mwanangu. Ataenda."

Kwa hofu, Priscah alikamua kisahani kimoja, akakiweka dirishani. Asubuhi kisahani kilikuwa kikavu, kimelambwa hadi kung'aa, na utosi wa mtoto wake ulikuwa umebonyea.

Magharibi ya siku ya nne alimfunga mtoto kifuani kwa leso.

"Leo sikamui," alisema, akatoka.

Zilpah alimfuata na taa bila kuulizwa. Mwanga ulipopanda kwenye mpera, ukapita shina, ukapita matawi ya chini yaliyolowa na kunuka, ukafika pale palipokaa kitu chenye manyoya ya kijivu na vidole vilivyokumbatia tawi, Priscah aliona macho mawili mekundu, ya mviringo, yasiyopepesa, na chini ya macho hayo, pale palipopasa kuwa na pua ya mnyama, kinywa laini cha mtoto mchanga, kisicho na meno, kikinyonya hewa.

"Mama," kilisema. "Njaa."

Priscah hakurudi nyuma.

"Shitanda ni jina lako. Tulikupa kwa kosa letu, lichukue. Lakini ziwa hili si lako. Na sauti ya mwanangu uirudishe."

"Priscah!" Pascalia aliita kutoka mlangoni. "Mtoto atabaki bila jina!"

"Hatabaki, mama." Alimkumbuka mwendesha baiskeli wa Lubao aliyemsukuma mlimani kwenye mvua siku ya uchungu, akamfunika kwa koti lake, kisha akasimama nje ya hospitali mpaka aliposikia kwamba mama na mtoto ni salama. "Anaitwa Osiako."

"Huyo yuko hai! Na si wa ukoo wetu!"

"Ndiyo maana. Wafu hawamjui." Alimtazama mtoto usoni, karibu kabisa. "Osiako."

Kule juu kinywa kilifunguka kujibu, hakikupata sauti. Kifuani mwa Priscah mtoto alipiga yowe, yowe nene la hasira, na Zilpah akacheka huku akilia. Tawi lilitikisika. Mpera ukabaki mtupu.

Osiako alikua. Jioni nyingine msitu hulia, na Pascalia huinuka nusu kutoka kwenye kigoda.

"Shitanda anaita."

"Aite," Priscah humjibu.

Asubuhi ile Osiako alipoanza darasa la kwanza, aliona alama kwenye ubao wa dirisha, upande wa nje. Aliweka kiganja chake juu yake kupima. Kile cha alama kilikizidi chake kidogo.

"Mama, huyu anakua haraka kuniliko!"

Priscah aliutoa mkono wa mwanawe taratibu. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akasugua mpaka ubao ukawa mweupe.

"Akue," alisema. "Kunywa uji, Osiako. Utachelewa."