Chai Iliyomwagwa Kisimani

Chupa ya chai ilikuwa ya moto, na hakuna aliyetia kitu ndani yake. Mahfudha aliigusa kabatini, jikoni kwake Al Khoudh, Maskati, siku chache baada ya safari ya Italia, akaurudisha mkono upesi. Akaifungua. Ilikuwa tupu, kavu kabisa, lakini ilimpumulia usoni harufu ya iliki na mawe yaliyolowa.

Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya mji ule wa kale juu ya kilima, walikoshinda siku nzima yeye, mwanawe Fajr na wifi yake Bakhita. Walipanda ngazi za mawe mpaka magoti yakalalamika, wakapita vichochoro vyembamba ambamo nguo zilianikwa kutoka dirisha hili hadi lile, wakasikiliza kengele, wakawapiga picha paka. Chupa ya chai ilikuwa begani, maana Mahfudha hasafiri bila chai yake. Kahawa ya Wazungu ya vikombe vya kidole haimkati kiu. Jioni wakafika uwanja wa juu kabisa, penye kisima cha zamani kilichofunikwa kwa nondo. Akamimina humo chai iliyobaki, ingali inafuka moshi.

"Sema Bismillahi, wifi," Bakhita alimwambia. "Ya moto hiyo."

Nyumbani Mahfudha hamwagi hata maji ya wali bila kulitaja jina la Mungu, asije akamuunguza asiyeonekana. Lakini siku ile raha ilimpanda kichwani.

"Majini wa huku Wataliani, wifi. Bismillahi watalijulia wapi?"

Akacheka. Kicheko kikashuka kisimani, kikachelewa kurudi.

Sasa Fajr, mtoto wake wa pekee, aliyempata baada ya miaka ya dua na machozi, alianza kulia kila adhuhuri, saa ambayo joto la Maskati humlaza kila mtu. Begani palimtoka alama nyekundu kama ya kuungua. Hospitali wakampa dawa ya kupaka, na alama ikashuka kifuani. Mchana mmoja, mapazia yamefungwa na kiyoyozi kinanguruma, Mahfudha alisikia matone, to, to, to, akayafuata ukumbini, akayafuata jikoni, akayafuata mpaka mlangoni kwa mtoto, na kadiri alivyokaribia ndivyo iliki ilivyomkaba koo, na alipoingia akamkuta Fajr amekaa kitandani, nguo imelowa chai, anamtazama kwa macho ya mtu mzima aliyefiwa.

Bi Sayyida, mganga wa kisomo, akaletwa kutoka Azaiba na chetezo chake. Alifukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka.

"Nani wewe? Mtoto huyu kakukosa nini?"

Fajr akajibu, na sauti ilikuwa ya Mahfudha mwenyewe. "Mtoto wangu alikuwa kalala kisimani. Akaungua, na juu yake mtu akacheka."

Mahfudha akapiga magoti. "Nnakuomba radhi! Nichukue mimi, mwanangu mwache!"

"Usiseme hayo, mwanangu," Bi Sayyida alinong'ona, akimshika mkono. "Hayo hayasemwi."

Ubani ukazimika wenyewe.

"Haya," ile sauti ikasema kwa upole. "Kwa mtoto nnatoka."

Fajr akapiga chafya, akaomba maji ya kunywa. Watu wakalia kwa furaha, na hakuna aliyetaka kufikiria zaidi.

Alama zikafutika. Kesho yake adhuhuri Mahfudha aliliepua birika jikoni, maji yanatokota. Fajr alikuwa sakafuni, karibu na miguu yake, anachora paka wa kule kilimani. Mahfudha akafungua kinywa aseme Bismillahi, ulimi ukagoma. Akajaribu tena, jasho likimtoka, na kilichomtoka kinywani kilikuwa kicheko, kile kile cha kisimani, kizima, chenye raha yake yote.

"Mama, unacheka nini?" Fajr aliuliza, akiinua uso.

Mkono wenye birika ulikwisha kuanza kuinama, na haukuelekea kwenye sinki.